Wachimba fosi wa Majengo, Goma: jiwe wanalijua, kamba wanaisahau

Kikundi cha wachimba fosi (mashimo ya choo) kinachozunguka Majengo kinastahili alama nne kwa tano. Parseli (viwanja) za huko zinakatwa mara mbili, mara tatu. Nyumba ya mbao inabomolewa, ya matofali inapanda, fosi inaachiwa kona tu kando ya ukuta wa jirani. Hapo ndipo ufundi wao unapoonekana: jiwe la lava wanalipasua kwa mtaimbo, burini (patasi ya chuma) na nyundo kubwa, kidogo kidogo, ukuta usipate ufa. Wakikuta changarawe inayoporomoka, wanapanga mawe pembeni kadiri wanavyoshuka.

Tatizo ni mazuku. Hewa hiyo ya kaboni dioksidi ni nzito, haina harufu, hulala chini ya shimo. Wanateremsha mshumaa, ukizimika, hakuna anayeshuka. Vizuri, ila mshumaa unaowaka si cheti: mtu anaweza kulegea kabla moto haujazimika. Kamba kiunoni na mwenzake juu ni lazima, na hapo ndipo wanapozembea (alama ya tano imepotelea hapo).

Malipo ni kwa mita ya kina. Kwa hiyo teremsheni futi yenu wenyewe ya kupimia mpaka chini, kabla zege la kufunika halijamwagwa.