Riwaya ya kwanza tangu uache shule: ununue ipi, na uikague vipi

Anayeingia duka la vitabu kutafuta riwaya ya Kiswahili ya kujisomea tu huwa na hofu mbili: atauziwa kitabu cha mtihani, au atauziwa kigumu akiache ukurasa wa kumi. Hofu zote mbili zina msingi, maana rafu nyingi za riwaya, Dar es Salaam na Nairobi, hupangwa kwa kufuata mtaala na si kwa kumfuata msomaji. Orodha hii ina kipimo kimoja: ni kitabu gani mtu aliyechoka, saa tatu usiku, atakimaliza? Ubora wa kifasihi tumeuweka kando makusudi. Ndiyo maana mwandishi Euphrase Kezilahabi yuko mkiani.

Ya kwanza ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), na imeziacha nyingine kwa mbali. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa mzee mwenye duka, Bwana Raza. Anamkimbia, anapokewa na shoga yake Mwajuma kule Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, halafu anakutana na Denge, kijana anayepinga ukoloni na kuandamwa na makachero. Siasa imo tele, lakini imelala ndani ya mapenzi, taarabu na kukimbizana, kwa hiyo huhisi kama unasomeshwa. Mazungumzo ni mengi, na hayo ndiyo humbeba msomaji aliyepoteza mazoea. Kinachowakwaza wa bara ni Kiunguja chake. Ukikutana na "skuli" au "vyengine" usikimbilie kamusi, songa mbele, baada ya kurasa ishirini sikio litazoea. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 haikumalizii utamu, kwa sababu kitabu kina watu na vichochoro vingi kuliko vinavyoenea kwenye filamu moja. Ukiitafuta mtandaoni na isionekane, andika "Vuta Nkuvute" bila ile alama ya ('). Maduka mengi yameiingiza hivyo.

Ya pili, Hussein Tuwa. Hapa chagua kwa hamu yako. Mfadhili ni mapenzi na ugonjwa, na ina kurasa za kukuliza. Mkimbizi ni ya roho mkononi. Lugha yake ni ya mjini, ya leo, wala haikutaki uwe umekulia pwani. Lawama yetu ni moja: matukio ya sadfa hujipanga vizuri mno. Anayesoma saa tatu usiku hatalalamika.

Ya tatu ni Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kijana Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kwa Mkenya aliyesoma Kiswahili shuleni hii ndiyo ingekuwa ya kwanza, kwani sentensi zake zimenyooka na methali zake zimekaa mahali pake. Mtanzania huenda akaona usanifu umezidi kidogo, watu wanaongea kama wamevaa tai. Vumilia, safari yenyewe inavuta.

Peponi iko nafasi ya nne, na kuna watakaokasirika. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Tafsiri si sababu ya kuiweka chini. Sababu ni mwendo. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na "mjomba" Aziz, tajiri wa misafara, na inamchukua muda kuelewa kwamba babake amemweka rehani kwa deni. Msomaji huelewa kabla yake, na starehe ya kitabu imo katika pengo hilo. Angalia Khalil wa dukani anavyomkaripia kila anapomwita Aziz mjomba: neno moja la udugu, na utumwa mzima umo ndani yake. Ni kitabu cha mtu mwenye wikendi tulivu. Kwenye daladala kitakupotea.

Mwisho ni Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Ni vitabu vyembamba, hakuna kinachofika kurasa mia, basi mtu husema: nianze na kidogo. Wembamba huo ni mtego. Hakuna kisa kilichonyooka, mahali hapajulikani, wakati hauhesabiki, na hata mhusika mkuu huwezi kumshika mkono. Ni kazi kubwa, lakini si za kuanzia. Ukimtaka Kezilahabi mapema, chukua Rosa Mistika (1971), kisha zile mbili ziweke rafuni zikusubiri.

Vipi kuhusu hadithi za mfululizo za WhatsApp na Facebook? Hazina nafasi kwenye orodha kwa sababu hununui kitabu, unanunua ahadi. Unalipia kwa simu, unatumiwa sehemu moja moja. Waandishi wengine ni hodari kweli wa kukata kipande pale hamu inapopanda. Tatizo ni kwamba hadithi hukatikia njiani mwandishi akichoka, na ukibadilisha simu bila kuhifadhi, umepoteza ulichokilipia. Kabla ya kutuma hela uliza jambo moja tu: hadithi imekwisha kuandikwa, au inaandikwa? Kama inaandikwa, lipia vipande vichache, usilipie yote.

Sasa kitabu kiko mkononi. Kwanza soma jalada lote, pamoja na maandishi madogo. Vuta N'kuvute na Mfadhili zimekuwa zikisomwa kidato cha tano na sita Tanzania. Siku Njema imewahi kutahiniwa Kenya. Kitabu kikiingia darasani, miongozo humea kama uyoga: jina la riwaya linaandikwa kwa herufi kubwa na neno "Mwongozo" limejibanza juu kwenye kona. Ukiuliza dukani "mna Vuta N'kuvute?" unaweza kupewa mwongozo kwa nia njema kabisa, kwa kuwa wateja wengi ndio wanaoutaka. Sema "riwaya yenyewe". Ukifungua ukaona "dhamira" na "matumizi ya lugha" kama vichwa vya habari, rudisha.

Pili, hesabu kurasa. Kitabu huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa 16 au 32 kwa mkunjo, kwa hiyo kasoro huja kwa mafungu. Utakuta ukurasa wa 96 umefuatwa na 113, yaani mkunjo mzima haupo, au 81 hadi 96 zimejirudia. Pitisha kidole gumba pembeni ukitazama namba tu. Ni nusu dakika. Muuzaji hubadilisha hapo hapo, ila ukirudi baada ya wiki mbili atakwambia umeichana mwenyewe.

Tatu, nakala ya wizi. Dalili ni maandishi ya kijivu, tundu za "a" na "e" zilizojaa wino, mistari iliyoinama, na kivuli cheusi karibu na mgongo, alama ya kitabu kilichobanwa kwenye mashine ya fotokopi. Tazama pia ukurasa wa hakimiliki: ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, za Tanzania huwa na 9976 au 9987 baada ya 978, za Kenya 9966 au 9914. Mwizi aliyepiga picha kila ukurasa huzinakili na hizo, kwa hiyo namba peke yake si kinga. PDF za kwenye makundi hujiumbua kwenye ng': utasoma "ngombe" na "ngoa" kitabu kizima. Kidagaa Kimemwozea, riwaya nyingine ya Walibora, ina mwalimu anayeiba mswada wa kijana. PDF yake isiyolipiwa ni kejeli ambayo hata mwandishi asingeithubutu.

Nakala za mitumba hazina ubaya. Nusa, kwa kuwa ukungu huhamia kwenye vitabu vingine, kisha fungua katikati polepole. Gundi iliyokauka hutoa mlio, na ukiusikia jua kurasa zitaanza kudondoka kabla ya sura ya tatu.

Dar es Salaam anza na TPH Bookshop, Samora. Aliyeko Muscat, London au Toronto aagize kupitia African Books Collective ya Oxford, wanaosambaza vitabu vya Mkuki na Nyota. Nauli ya posta huuma kwa kitabu kimoja, hivyo agiza viwili au vitatu kwa pamoja.