Tathmini ya dodoso la WHODAS 2.0 kwa mtu anayetibiwa sonona

Nimelijaza dodoso hili mara tatu katika miezi sita ya matibabu, na ninalipendekeza kwa dhati, ingawa si kwa kila jambo. Awali nilikuwa nikipimwa kwa PHQ-9 pekee, dodoso la dalili za sonona lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita na alama kuanzia 0 hadi 27. Alama zangu ziliposhuka, kituo nilichokuwa nikitibiwa kiliniambia kwamba nimepona, ilhali nyumbani nguo nilizoziloweka zilikuwa zimekaa kwenye beseni siku tatu mpaka maji yakaanza kunuka, na ujumbe wa dada yangu nilikuwa nimeufungua mara sita bila kuujibu. Huzuni ilikuwa imepungua kweli, lakini kazi za siku bado zilinishinda.

WHODAS 2.0, iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, humwuliza mtu amepata ugumu kiasi gani katika kutenda kwa siku 30 zilizopita. Toleo refu lina maswali 36, na lile fupi lina 12. Yote mawili hugusa uelewa na mawasiliano, kutembea, kujihudumia, kuishi na watu, shughuli za nyumbani na za kazini, na ushiriki katika jamii. Swali moja linahusu ugumu wa kukaza fikra kwenye jambo kwa dakika 10, nami nililazimika kulisoma mara tatu ndipo nikalielewa. Kwa muda mrefu nilikuwa nimejiita mvivu, kumbe sonona huvuruga umakini, kumbukumbu na uwezo wa kuamua, na mara nyingi athari hizo hubaki hata baada ya moyo kutulia.

Thamani kubwa ya dodoso niliiona pale mshauri nasaha wangu alipoyapitia majibu pamoja nami, akaniuliza ni ugumu upi kati ya yote ungerahisisha mengine endapo ungepungua. Nikachagua kazi za nyumbani, kwa kuwa aibu ya nyumba chafu ndiyo iliyonifanya niwakwepe watu. Lengo letu la kwanza likawa kufua nguo mbili kila asubuhi, niwe na hamu au nisiwe nayo, kwa sababu katika sonona hamu aghalabu huja baada ya tendo. Siku ya kwanza nilifua shati moja tu, nikaliandika. Wiki ya tatu nilimjibu dada kwa sentensi moja, naye akanipigia simu papo hapo.

Kasoro zipo. Maswali ya kusimama na kutembea mwendo mrefu hayakunihusu sana, kwani dodoso limeundwa kwa maradhi ya kila aina. Pia halimwulizi mtu anathamini nini maishani, hivyo bila mshauri makini majibu yatabaki kuwa tarakimu tu. Zito zaidi ni kwamba haliulizi kuhusu mawazo ya kujidhuru, ambayo PHQ-9 huyauliza katika swali la 9. Kwa hiyo nisingependa mtu yeyote aiache PHQ-9 kwa ajili ya WHODAS 2.0, na mwenye mawazo hayo amweleze mhudumu wa afya au mtu anayemwamini siku hiyohiyo, bila kusubiri dodoso lolote.