Fischer's Tower: kamba safi, kofia za kubahatisha

Jumamosi nilipanda Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba ulioko Hell's Gate, Naivasha. Jina la kampuni silitaji. Kijana aliyenishikia kamba alinifurahisha: kabla sijainua mguu alivuta bizimu ya mkanda wangu, akafuata fundo lenye umbo la 8, lililonifunga kwenye kamba, kwa kidole mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe dada, nikague." Nikakuta karabina yake, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, haijakazwa skrubu! Akacheka kwa aibu, akaikaza. Hata Lynn Hill, bingwa yule wa kupanda miamba, mwaka 1989 kule Buoux, Ufaransa, hakumaliza kufunga fundo. Alianguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakamwokoa. Kofia ndiyo iliyoniudhi. Ukanda wa kidevuni ulikuwa umeungwa kwa uzi wa cherehani. Niliirudisha, nikasubiri nyingine nusu saa juani. Nyota tatu.