Draiva za A4988 kwa mashine ya kuchonga mbao, nimezitumia miezi minne

Wakuu, niko Tabora, mashine yangu nimeiunda mwenyewe, stepa mota tatu (mota zinazozunguka hatua kwa hatua), Arduino Uno (kibodi kidogo cha kuongozea) yenye GRBL, ile programu inayoendesha mashine, juu yake bodi ya CNC ya kuchomekea draiva, na draiva za A4988 zinazopeleka umeme kwenye mota, kompyuta inatuma amri kwa waya wa USB basi. Kwa bei yake aisee ziko vizuri. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva inagawa kila hatua mara 16, skrubu yangu inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, kwahiyo GRBL nimeiwekea hatua 400 kwa milimita na nikiiambia isogee 100 inasogea 100 kweli, nimepima.

Shida ni joto. Nikichonga mninga mkavu mhimili wa X ulikuwa unaruka hatua, ua linatoka limekatika katikati, nikadhani mota mbovu kumbe kale kaskrubu ka kurekebisha ampea kwenye draiva sijakaweka sawa na hitisinki (kichuma cha kupoza draiva) sijabandika. Nimebandika, nikaongeza feni ndogo, imetulia kabisa.

Na jamani msichomoe waya wa mota umeme ukiwa unawaka, draiva yangu moja ilikufa hivyo hivyo. Mota zako zikila zaidi ya ampea 2 hizi usichukue, tafuta draiva kubwa zaidi, TB6600.