Hilux ya 5L kwa mkulima wa Njombe: nimeitumia msimu mzima

Ni Hilux singo kebini, dizeli, injini 5L, namba B. Nimeinunua Makambako kwa mtu binafsi, milioni 24 na nusu. Yeye alianzia 28. Imeshabeba viazi na mbolea msimu mzima.

Kwa kazi za huku kwetu siibadilishi na D4D, ile injini ya dizeli ya Hilux mpya zaidi yenye turbo na kompyuta. Hii 5L ni sisi 2986, haina turbo wala kompyuta, na pampu yake fundi wa kawaida anaielewa. D4D ikisumbua nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) ni mtihani: bei yake kubwa, na si kila fundi ana mashine ya kuzipima.

Siku ya kuikagua nilimwomba muuzaji asiiwashe mpaka nifike. Nikafika alfajiri, baridi ya mwezi wa saba na ukungu umetanda, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ya baridi kabisa. Ndipo nikaomba ufunguo. Nikasubiri taa ya hita ya injini izime, nikapiga stata, ikawaka hapo hapo. Moshi mweupe kidogo, ukakata. Fundi wangu akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, haikupumua, yaani haikutoa moshi wala upepo wa nguvu hapo. Kisha akalala chini na bisibisi, akagonga chasi kuanzia zinapofungwa springi za nyuma, maana hapo ndipo matope hukaa na kutu huanzia. Bisibisi ikizama, ondoka, hata kama rangi inang'aa. Kuna yadi tulioneshwa nyingine imepakwa rangi mpaka chini ya bodi, kumbe chasi imechomelewa juu ya ekseli. Ndugu zangu, gari kama hiyo ukiipakia tani ya viazi kwenye milima ya Makete unachezea roho za watu. Iliniuma kuona inauzwa.

Kadi ilikuwa na jina la muuzaji mwenyewe. Tukalinganisha namba ya chasi, ile iliyogongwa upande wa kulia karibu na tairi la mbele, tukaangalia kama inadaiwa faini za trafiki, tukaandikishana kwa wakili. Hela ya mwisho nilimpa baada ya kubadili jina TRA. Kadi ya mtu ambaye "yuko Dar, atakuja kusaini" mimi siigusi.

Kasoro zipo. Ikiwa na mzigo mlimani ni nzito, unapanda na gia ya pili huku mabasi yanakupita. Ikiwa tupu, nyuma inarukaruka kwenye barabara ya vumbi, abiria lazima ashike mlango. Na uliza taiming belti ilibadilishwa lini. Huyu hakuwa na kumbukumbu, kwa hiyo niliiweka mpya pamoja na bearingi yake kabla ya kupakia gunia la kwanza, kwa sababu ikikatika njiani vali zinagonga pistoni na injini nzima inafunguliwa.