Spesa ya pumu yenye barakoa: kifaa kizuri, maelekezo pungufu

Spesa, ile chemba ya plastiki inayochomekwa kwenye mdomo wa pampu ya pumu, hudharauliwa na wengi kwa kuwa haina umeme wala mngurumo wa mashine. Hata hivyo, katika shambulio la wastani, salbutamoli (dawa ya kufungua njia za hewa) inayopitia humo hufanya kazi sawasawa na ya nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, kwa watu wazima na kwa watoto. Bila spesa, sehemu kubwa ya dawa huishia mdomoni na kooni.

Niliyonayo ina vali inayoonekana ikicheza kila mtoto anapovuta pumzi, hivyo hakuna kubahatisha. Pampu hutikiswa, hubonyezwa mara moja, mgonjwa huvuta pumzi tano hivi za kawaida, kisha hurudiwa. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo ni kupoteza dawa. Barakoa, ambayo watoto wadogo huihitaji, huvujisha hewa mashavuni isipokandamizwa barabara, na hapo naipunguzia alama.

Karatasi ya maelekezo inaeleza vyema usafishaji (maji ya sabuni, kisha ikauke yenyewe, kwani kuifuta huleta umeme tuli unaonasa dawa), lakini haitaji dalili za hatari, kasoro nisiyoweza kuisamehe: anayeshindwa kumaliza sentensi, mtoto ambaye mbavu zinabonyea ndani, midomo ya buluu, kusinzia, au kifua kilichoacha kutoa mlio huku mgonjwa bado akihangaika, vyote vinadai hospitali mara moja, dawa ikiendelea kutolewa njiani.