Nyaya za mlingoti: zinki au chuma cha pua?

Kwa wenye mashua za zamani za tanga hapa Kigoma, ubishi kuhusu nyaya zinazoshikilia mlingoti usianguke ni uleule. Kwa bei, waya wa zinki, yaani wa chuma kilichopakwa zinki, unashinda. Kwa matunzo, chuma cha pua: hakidai kupakwa mafuta kila mara. Kwenye kuaminika ndipo penye kazi. Zinki ikichoka huonyesha kutu mapema. Chuma cha pua huweza kupasuka ndani ya kifungio, yaani kishikio cha ncha ya waya, huku nje kinang'aa. Pitisha kitambaa pale waya unapoingia kwenye kifungio cha chini. Kikinasa uzi uliokatika, badilisha waya wote. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, hivyo zinki hudumu kuliko pwani. Unashinda kutwa na chombo chako? Ningechukua zinki. Unakiacha miezi bila mtu? Chuma cha pua, mradi ukague vifungio kabla ya kusi.